Vyoo vya Sokoni Mpakani

Soko la mpakani lilianza na meza chache za nyanya na vitunguu, na muuza mitumba alikuwapo tangu enzi hizo. Sasa malori yalipanga foleni hadi ng'ambo ya kilima, nyumba za kupanga zilikuwa zimeota kama uyoga, na shuleni watoto wa darasa la kwanza walikaa sakafuni kwa wingi wao. Kitu kimoja tu hakikuongezeka: choo. Wanawake walijibana tangu asubuhi, maji hawayagusi.

Siku moja muuza viatu wa meza ya jirani, naye mjamzito, alizimia juani kwa kuogopa kunywa maji. Jioni hiyo muuza mitumba alimwambia mumewe, dereva wa lori aliyestaafu:

"Baba watoto, kile kiwanja changu nyuma ya soko sijengi ghala tena. Najenga vyoo."

Mume nusura apaliwe na chai. "Vyoo? Na wakwe wanakuja kuposa! Watasema binti yetu katoka nyumba gani?"

"Watasema katoka nyumba yenye akili."

Wifi yake, asiyejua kunong'ona, alimfuata hadi mezani kwake. "Wifi, wenzako wanauza vitu watu waondoke navyo. Wewe unataka wakuachie!"

Soko zima likaangua kicheko. Muuza mitumba naye akacheka. "Cheka tu, wifi yangu, lakini taratibu. Nakuona umebana miguu tangu asubuhi."

Jina la Mama Choo likamganda. Hakulikwepa, alimwambia fundi aliandike ukutani kwa herufi kubwa. Mumewe alinuna wee, mwishowe akaja na spana yake, maana hakuvumilia kuona bomba likifungwa kombo. Vyoo vilipofunguliwa, wifi alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Siku ya ugeni, mama wa kijana aliyekuja kuposa alitoka ng'ambo alfajiri, akakwama kwenye msururu wa mpakani hadi jua la utosi. Muuza mitumba na mumewe walimpokea hapo sokoni wakiwa wamevalia nguo zao za heshima. Mgeni alimvuta mwenyeji wake kando.

"Mama, salamu baadaye. Choo kiko wapi?"

Alitoka huko uso umekunjuka, mikono inanukia sabuni. "Kumbe huku mmeendelea hivi! Mwenyewe ni nani?"

Mume akaanza kukohoa.

"Ndiye mimi," alisema muuza mitumba bila kupepesa macho. "Wananiita Mama Choo."

Mgeni alimkumbatia kwa nguvu. "Basi mkwe wangu, niambie shimo umelichimba kina gani. Kwetu nako watu wamefurika, na nina kiwanja karibu na stendi."

Hata walipofika nyumbani wakazungumza mashimo, matangi na mabati mpaka chakula kikapoa, ikabidi binti awakumbushe kwamba kuna posa pia. Harusi ilifana. Kabla mwaka haujaisha, vyoo vya ng'ambo vilifunguliwa, na wakwe wawili wakasimama mlangoni kuwakaribisha watu.