Ncha Nane

Fundi Adinani wa Ng'ambo, pale Tabora mjini, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakupenda kuuliza. Ukimpelekea kiatu anakigeuza mara moja, anasema "Njoo Alhamisi," basi. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, na babu zake walishona matandiko ya punda na mikoba ya wafanyabiashara wa misafara. Adinani aliona aibu mtu wa ukoo huo kumwuliza mteja kitu hiki ni nini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Aliwasikia, akawapita kama asiyewajua.

Kwa hiyo Mwalimu Pelagia alipomletea mpira wa ngozi uliosinyaa, akamwambia unatoka kwa baba yake, Mzee Kornel wa kule karibu na Kipalapala, na kwamba Jumapili kuna mgeni anaufuata, Adinani aliupindua mara moja.

"Mshono mmoja umeachia," alisema Pelagia. "Uushone, kisha ujaze upepo. Ni hayo tu, fundi."

"Njoo Alhamisi."

Alipobaki peke yake akauangalia vizuri, akasikitika. Hajawahi kushika ngozi nzee namna ile ikiwa bado laini. Ilinukia nta ya nyuki. Lakini umbo! Vipande vinne virefu, vinene katikati, vimechongoka huku na huku, na ubavuni kamba kama za kiatu. Alijua tu kwamba fundi fulani wa zamani, asiyejua hesabu, ameuharibu mpira wa watu. Alipotoa bladda, kile kibofu cha upepo cha ndani, akakuta nayo ni ndefu kama papai. Mtu mwingine angesimama hapo akafikiri. Adinani alisema imelegea kwa uzee.

Basi akafanya kazi kwa mapenzi. Alikata ncha zote, nne upande huu na nne upande ule, akashona kiraka cha mviringo kila upande, akaingiza bladda mpya ndogo na kuijaza kwa pampu ya baiskeli. Ukatoka mpira mdogo, duara safi. Aliudundisha sakafuni mara tatu akacheka peke yake. Kisha akafanya jambo ambalo ukoo wao haujawahi kuliacha: akaziokota zile ncha nane, akazifunga kwenye kitambaa pamoja na bladda kuukuu. Kwao ngozi ya mtu haitupwi, hata ikiwa na upana wa ukucha. Mteja hurudishiwa kazi na masalio yake, asije akasema fundi kamwibia.

Alhamisi Pelagia alifika, akautazama mpira ule mezani, akatazama rafu zote za duka.

"Mpira wa baba uko wapi?"

"Si huo hapo."

Pelagia alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Fundi, umeukata."

"Nimeunyoosha, mwalimu. Ulikuwa umeharibika."

"Haukuharibika. Ndivyo ulivyo. Ni mpira wa Kimarekani, unabebwa mkononi. Na wala si wa baba. Ni amana."

Neno hilo lilimkata Adinani maini. Pelagia akamweleza. Padri mmoja Mmarekani, Padri Anton, alirudi kwao mwaka 1966. Mpira ule baba mzazi wa padri aliuchezea chuoni. Alimwachia Kornel, aliyekuwa kijana wa bustani, akamwambia, nitunzie mpaka nirudi, au aje mtu wangu. Hakurudi, alifia kwao. Kornel aliendelea kutunza, kila kiangazi akiupaka nta anayoletewa kutoka Ipole. Sasa binti wa kaka yake padri amevuka bahari kuufuata, na Jumapili atakuwa uani kwao.

Kwa Mwislamu aliyelelewa vizuri, kuharibu kitu cha mtu ni kosa. Kuharibu amana ni jambo ambalo hata kulitubia unaona haya. Adinani alifunga duka mchana kweupe.

"Nitamwambia mwenyewe," alisema. "Kwa mdomo wangu."

Walimkuta Mzee Kornel uani akibangua karanga. Alikuwa na miaka themanini na miwili, mrefu, mkavu, mguu mmoja hauna nguvu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Adinani alimwekea mpira mapajani na kusema yote, hakujitetea. Kuku alipita kati yao akadonoa karanga mbili, hakuna aliyemfukuza.

"Miaka hamsini na minane," alisema mzee. "Panya hawakuugusa. Mchwa hawakuugusa. Umeugusa wewe."

Mzee aliuzungusha mpira, akauzungusha tena, halafu mikono ikasimama. Akauinua karibu na macho.

"Pelagia, niletee miwani." Alipoivaa, sauti yake ilibadilika. "Padri aliniambia. Aliniambia hivi ndivyo ulivyoanza, nami nikamwambia, padri, unanidanganya."

"Ulianza vipi, mzee?" Adinani aliuliza, akashtuka kujisikia akiuliza.

"Duara. Mwaka 1869, mwezi wa kumi na moja. Vijana wa vyuo viwili, ishirini na watano huku, ishirini na watano huku. Kuubeba marufuku. Mnaupiga teke, mnaupiga kofi, mnasukumana. Jezi hakuna. Upande mmoja walijifunga vilemba vyekundu wapate kujuana."

"Vilemba?"

"Vilemba, mwanangu, kama watu. Na mwaka huohuo babu wa babu yangu alikuwa njiani kwenda pwani, pembe ya ndovu begani. Alirudi na mtumba wa kitambaa cha merikani. Nguo ya kwao inaingia hapa kwa mabega yetu, watoto wao kule wanagombania duara kama hili." Alilipiga kofi. "Padri aliponiambia mwaka huo, nilisisimka."

Adinani naye alisisimka, mpaka mikononi.

"Ncha zilitoka wapi?"

"Miaka mitano baadaye walikuja wageni kutoka Kanada. Mpira wao umbo la yai, na kwao ruhusa kuukumbatia ukakimbia nao. Wenyeji walipoonja kukimbia, duara likawachosha. Lakini wakakwama. Timu ikiupata inaukalia tu, nusu nzima ya mchezo, watazamaji wanazomea. Ndipo wakatunga sheria: una majaribio matatu usogee yadi tano. Ukishindwa, mpe mwenzako. Wakauchora uwanja mistari, ili kila hatua ionekane."

Adinani aliiona: mtu na mzigo wake, wenzake mbele wakimfungulia njia, na ardhi ikiliwa kambi kwa kambi. "Mzee, huo si mpira. Hiyo ni safari."

"Ndivyo nilivyomwambia padri!" Kornel alisahau hasira yake, akamshika goti. "Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mihogo." Kisha uso ukamshuka. "Lakini walikuwa makatili. Walishikana wakaingia kwa wenzao kama kabari kwenye gogo. Watoto wa watu wakavunjika shingo. Mwaka 1905 peke yake walikufa kama kumi na wanane. Mpaka rais wao akawaita wakubwa wa vyuo."

"Wakaufuta?"

"Walitaka. Badala yake, mwaka uliofuata, wakafungua mlango mmoja: ruhusa kuurusha mbele kwa mkono. Zamani uliweza kuufikisha kwa mwili wako tu, watu wote wakikuangukia. Sasa unaweza kumpa aliye mbali. Hapo ncha zikapata kazi ya kweli. Duara likirushwa linayumba. Chenye ncha kinazunguka, kinatoboa hewa."

Adinani alikitazama kile kifurushi cha masalio mkononi mwake. Alistaajabu, na mshangao huo ulikuwa na hofu ndani yake. Alichokikata kwa dakika tano kilichukua karibu miaka arobaini kupatikana, na roho za vijana juu yake. Alifungua kitambaa.

"Ninazo zote, mzee. Kwetu hatutupi."

Mzee Kornel alizihesabu: nane. Akavua miwani.

"Naomba kuuliza," alisema Adinani, na safari hii alilitaka swali. "Zinafanana. Ipi ilikaa wapi?"

Mzee alifumba macho. Vidole vilivyoipaka nta ngozi ile viangazi hamsini na vinane vikaanza kutembea. Alishika ncha moja, akaipapasa ukingo, akaiweka juu ya mkeka kushoto. Akashika ya pili, akasita, akaiweka kulia. Hakukosea wala hakurudia. Zilipokwisha zote, nne zilitazamana na nne, na Adinani alipozilinganisha na mikato ya mpira, kila moja ilikaa mahali pake. Pelagia alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Adinani alijiona mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Kovu litaonekana, mzee."

"Lionekane. Nitamwambia mgeni ukweli. Wewe shona."

Ijumaa, baada ya swala, na Jumamosi kutwa, hakupokea kiatu cha mtu. Alifumua viraka vyake vya mviringo, akaziba bladda kuukuu kwa kiraka cha baiskeli, akarudisha ncha moja baada ya nyingine kwa uzi uliopakwa nta, kila tundu la sindano likitafutwa lilipokuwa. Watoto wa mtaa walipouliza anashona nini, aliwaketisha akawasimulia, vilemba na yote.

Jumapili, baada ya misa, mgeni alikuja. Alikuwa mama wa makamo, mwenye nywele fupi za mvi, na Pelagia ndiye aliyemkalimania. Mzee Kornel hakuficha kitu. Alimwonyesha makovu nane, akamwonyesha na Adinani aliyejibanza ukutani. Mgeni alipitisha kidole kwenye kila kovu. Kisha akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Anasema baba yake mdogo, padri, alimwambia kwamba Kornel alijua kuurusha," Pelagia alitafsiri. "Anauliza kama ni kweli."

Mzee aliomba ashikwe asimame. Adinani akamshika kiuno, akasikia mifupa ikitetemeka chini ya shati. Mgeni alirudi nyuma mpaka kwenye ua wa mabua. Mzee alipanga vidole juu ya kamba, kimoja kimoja, akauinua mpira juu ya bega, pale ambapo babu zake walibebea pembe.

Akaurusha.

Mpira ulitoka ukizunguka, haukuyumba. Ulipita juu ya karanga, juu ya kuku, na Adinani, aliyevijua vile vishono kwa idadi, hakuweza kukiona hata kimoja. Makovu yote nane yalikuwa yamezunguka yakawa mstari mmoja. Ulitua kifuani kwa mgeni, akaukumbatia kwa mikono miwili, akainamisha kichwa juu yake akalia.

Mzee Kornel alibaki amenyoosha mkono mtupu.

"Padri," alisema, "mzigo umefika."