Waya Usioandikwa Kitu

Usiku wa kuamkia jana niliota nimesimamishwa paredi ya ukaguzi pamoja na nyaya za umeme.

Kabla ya ndoto, ni haki nilitaje kosa langu. Mchana uliotangulia, Fundi Kihwele, anayetunza mitambo ya shule yetu ya bweni, alikuwa akichagua waya wa mashine mpya ya kusaga mahindi. Miwani yake ilikuwa imevunjika. Akanipa waya mmoja mweusi, mnene kama kidole gumba.

"Nsajigwa, macho yako bado mapya. Nisomee maandishi ya kwenye ganda. Waya wa kiwandani hujitaja wenyewe: ukubwa wake, shaba yake, na kiwango ulichopimiwa."

Nikaugeuza wote. Haukuwa na hata herufi moja. Lakini wenzangu walikuwa wakinitazama, na mimi nina sauti ya kusomea taarifa ya habari. Nikakohoa.

"Milimita kumi. Shaba tupu. Umepimwa kwa kiwango cha taifa."

Wenzangu waliuma kola za mashati ili wasicheke. Fundi akasema, "Ahsante, mwanangu. Kesho asubuhi naufunga na kuuwasha."

Sasa ndoto.

Nyaya wamepanga mstari bwaloni, kila mmoja na sanduku lake la bati. Mkaguzi ni mashine ya kusaga mwenyewe, amejifunga kanga ya matroni.

"Jina?"

"Milimita kumi, shaba," anajibu waya wa kwanza, akifunua ubavu wenye maandishi.

"Sare?"

"Ganda lisilolainika kwa mafuta wala kushika moto upesi."

"Pita. Na wewe mwembamba?"

"Mimi wa taa, Mama. Sikuja kuomba kazi, nimewasindikiza hawa."

"Mkweli. Nenda kale."

Kwenye benchi amelala waya wa kijani na njano. Nikauliza mbona yeye hakaguliwi.

"Alikaguliwa wa kwanza," akasema mashine. "Kazi yake ni kukaa. Siku umeme utakapopotea njia, ataubeba aupeleke ardhini, usipite kwa Fundi."

Sikujua kuna kazi ya namna hiyo. Nikajikuta nimemwamkia.

Kisha ikafika zamu ya yule mweusi.

"Jina?"

"Sina," akasema kwa upole. "Kaka huyu ndiye anayelijua."

Bwalo zima likanigeukia. Nikasoma tena, kwa sauti ileile. Safari hii maneno yalitoka mdomoni kama magunia ya mahindi, yakamwangukia waya mgongoni. Akapiga magoti.

"Kaka," akasema, "mimi sikukuomba unisifu."

Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

Mara bwalo halipo. Tumo ndani ya waya, kwenye ujia mrefu unaong'aa wekundu wa shaba. Nakwaruza ukuta kwa ukucha. Rangi inabanduka, chini yake peupe. Sakafu nayo ni kibati kilichopakwa rangi.

Umeme unafika. Ni kidato cha kwanza wote, mia tatu, na kengele ya chakula imelia.

"Taratibu!" napiga kelele. "Njia haiwezi!"

"Inaweza," wananijibu wakikimbia. "Ilisomwa!"

Sakafu inapata joto. Kuta zinatoa jasho jeusi, halafu zinaanza kunuka. Mwisho wa ujia naona mlango, na nje ya mlango Fundi Kihwele, kiganja kimoja kwenye swichi, kingine juu ya chuma cha mashine, anaimba wimbo wa kwaya. Nataka kumwambia atoe mkono. Nafungua mdomo.

"Milimita kumi," nasema, kwa sauti ya taarifa ya habari. "Shaba tupu."

Najaribu tena. Hakuna neno lingine lililobaki kinywani mwangu. Fundi anatabasamu. "Ahsante, mwanangu."

Mashine akanishika mkono, akaugeuzageuza kutafuta maandishi. "Huyu naye," akasema, "nani alimsoma?"

Nikaamka. Mkono wangu wa kushoto, chini ya kiwiko, ulikuwa na herufi ndogo zilizovimba kwenye ngozi, kana kwamba zimesukumwa kutoka ndani. Niliwashuku wenzangu, kwa desturi. Lakini hakuna hata mmoja bwenini anayeweza kuandika kwenye mstari ulionyooka.

Nilikimbia bila viatu. Fundi alikwisha funga waya. Kidole kilikuwa kwenye swichi.

"Mzee, usiwashe!"

"Siku hizi hamuamkii?"

"Shikamoo. Usiwashe! Ule waya hauna maandishi. Nilitunga."

Aliondoa kidole. Akachukua kipande kilichobaki, akakwangua ncha yake kwa kisu na kuisogeza karibu kabisa na jicho. Wekundu ukatoka. Chini yake palikuwa peupe, si shaba.

"Ningekuwa nimeshika hapa," akasema, akiweka kiganja juu ya chuma cha mashine.

Akanishika mkono anisogeze pembeni. Kidole gumba chake kikapita juu ya zile herufi, kikarudi.

"Na hapa pameandikwa nini? Nisomee."

Wenzangu walikuwa wamefika mlangoni, kola tayari mdomoni, wakiisubiri ile sauti.

Nikasoma kama palivyoandikwa.

"Bado hajapimwa."