Kifuniko cha Hita

Mzazi aliyejifungua hakandwi kwa maji ya vuguvugu. Maji ya kumkandia yatakiwa yawe moto hasa, moto ambao mkandaji akichovya taulo na kulikamua viganja vinamwiva, na mzazi mwenyewe likimgusa kiunoni amtaje Mola wake. Siku arubaini, asubuhi na jioni. Bi Mwanamize alikandwa hivyo kwa uzazi wake wote, mara nne, kwa maji yaliyochemshwa kwa kuni za mkarafuu, na alikuwa ameapa kwamba Laila, kitindamimba wake, hatapunguziwa hata siku moja.

Ila kuni za Laila zilikuwa zimetundikwa ukutani bafuni. Ilikuwa hita ya umeme, pipa jeupe la lita hamsini, aliyoileta mumewe kutoka Maskati. Mbele ilikuwa na kidirisha cha kuonesha joto la maji kwa namba. Unaiweka sitini, inachemsha mpaka sitini, inajizima yenyewe. Zaidi ya mwaka ilikaa kwa adabu zake. Siku ya sita ya uzazi ikaanza uhuni.

Kidirisha kilisema arubaini na moja. Bi Mwanakhamis, mkandaji, akafungua bomba, akatia mkono, akautoa kwa ukelele.

"Arubaini ya wapi hii? Haya maji ya kunyonyolea kuku!"

Matone mawili yalikuwa yameshamrukia Laila begani, yakaacha malengelenge mawili kama punje za mtama. Hita nayo ikalia *tak*, ikazima, na mchana kutwa ikatoa maji baridi. Siku ya pili vilevile: kwanza inaunguza, kisha inakufa.

Mamake Thabit hakuwapo duniani kumlea, kwa hiyo Thabit alilelewa na dada yake, huyu huyu Bi Mwanamize. Na Thabit, kwa kurudisha fadhila, ndiye aliyekuwa mwanamme wa nyumba hiyo kwa kila jambo. Akaleta fundi kutoka mjini Chake Chake. Lakini mlango wa bafu ulikuwa ndani ya chumba cha mzazi, na mwanamme wa nje haingii kwa mzazi. Fundi akasimama ukumbini, akauliza, akajibiwa, akatoa hukumu pale pale kama mganga wa ramli.

"Sensa ya kupimia joto imekufa. Kesho baada ya adhuhuri nakuja na waya, mumhamishe mgonjwa. Sensa naitoa, naiunga hita moja kwa moja. Itachemsha tu."

"Na nani ataizima?" Laila aliuliza nyuma ya pazia.

"Mtaizima wenyewe, dada."

"Mie n'nalala na kichanga humo ndani!"

"Laila, wacha watu wazima waseme," alimkata Thabit.

Kesho yake asubuhi Bi Mwanamize alikuwa uani anachagua mchele, mlango wa nyuma ukafunguliwa polepole. Sauti ambayo hakuiitikia kwa mwaka mmoja na miezi mitatu ikasema:

"Asalaam aleikum, Mama. Shikamoo."

Ungo haukumwanguka. Mikono yake ilikuwa ya mtu mtulivu, hata moyo ukifanya vituko. Aliendelea kutoa mawe ya mchele, moja, jingine, kisha akasema bila kuinua uso:

"Nani kakuita?"

"Mie n'memwita," alijibu Laila dirishani, mtoto begani. "Ni ndugu yangu. Anaweza kuingia."

Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililomchoma zaidi. Hija, huyu aliyesimama uani, alifiwa na mamake, Bi Mwanabaraka, jirani wa nyumba ya pili, akiwa na siku nane. Wakati ule Bi Mwanamize alikuwa ananyonyesha mwanawe Mmanga. Akampakata na Hija: ziwa la kulia la Mmanga, la kushoto la Hija, miaka miwili kamili. Sheria ya dini ikamfanya Hija kuwa mwanawe na ndugu wa wanawe, asiyefungiwa mlango. Alipokuwa fundi wa umeme, tangi kubwa la maji matamu alilojenga kwake alilivutia mpira mweusi mpaka kwa Bi Mwanamize, ukapita juu ya kichochoro, mtaa mzima wakisema, hayo ndiyo malezi.

Kisha ukaja ule uchaguzi wa marudio. Upande mmoja wakapiga kura, upande wa pili wakakaa majumbani. Hija alikwenda kupiga. Hilo pekee Bi Mwanamize angelimeza. Kila mtu na kaburi lake. Lakini siku tano baadaye, Ijumaa, vijana sita wa mtaani walichukuliwa na askari, Mmanga akiwamo, na Anas mwana wa Thabit akiwa wa kwanza kushikwa. Anas alirudi Jumamosi asubuhi. Bi Mwanamize alimchinjia jogoo kwa shukrani. Mmanga alirudi baada ya miezi miwili, sikio moja halisikii, akafunga nguo zake na kuhamia Tanga.

Ni nani aliyepeleka majina? Thabit alisema barazani, mbele ya watu, kwamba Ijumaa ile baada ya magharibi alimwona Hija kwa macho yake mawili, kwenye ukumbi wa kituo cha polisi, ananong'ona na wakubwa. Mtaa ukamsusa. Hapewi salamu, hauziwi kitu, haalikwi harusini wala haziki nao. Bi Mwanamize hakungoja kuambiwa. Alipanda kwenye kigoda na kisu cha samaki, akaukata ule mpira mweusi, akarudi kwenye kisima chake cha zamani cha uani, kilichochimbwa kwenye jiwe, ambacho maji yake yakikauka sufuriani huacha unga mweupe.

Mtoto wa ziwa langu! Mwaka mzima alilala na kuamka na maneno hayo. Na sasa binti yake naye anamwingiza kwa mlango wa nyuma.

"Fanya uondoke," alimwambia Hija. "Baada ya adhuhuri watakuja wenye kazi."

Hija akapita kichwa chini. Alimbusu mtoto mguuni, akamtania Laila, "Umetuletea fundi au mkandaji?" Laila akacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi. Bi Mwanamize akasimama mlangoni kama askari magereza.

Hija hakuanza kwa kufungua hita. Alizima umeme, akauliza ilivyoanza, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaiwasha tena, akakaa kitako kuitazama. Kidirisha kikapanda taratibu: thelathini, thelathini na tano. Akachota maji kwa bilauri, akatia kipimajoto chake. Kipimajoto kikasema sitini na nane.

"Hita inaona thelathini na tano, maji yana sitini na nane," alisema. "Inazidi kuchemsha kwa kuwa inadhani bado baridi. Mwisho swichi ya usalama inakata, ndiyo ule mlio. Mama, nipe barafu kidogo."

Aliletewa, lakini aliletewa na Laila. Hija akazima umeme, akafungua skrubu nne za kifuniko, akakiegemeza kifuniko ukutani, akaichomoa sensa kwenye ala yake: kijiti chembamba kama mswaki, chenye nyaya mbili. Akawasha kidogo, akaitia kwenye maji ya barafu. Kidirisha kikaonesha mbili. Akaitia kwenye maji ya moto. Kikaonesha sitini na sita.

"Haikufa hii. Inasema kweli tupu."

"Mbona basi ilidanganya?" Swali lilimtoka Bi Mwanamize bila ya kupenda.

"Haikudanganya. Ilisema kile kilichoifikia."

Akazima umeme tena, akalimwaga tangi, akafungua kizibo cha chini, akatoa ile ala ya shaba ambayo sensa hukaa ndani yake. Bi Mwanamize akasogea. Ala haikuonekana shaba. Ilikuwa imevaa gamba jeupe, nene kama ganda la yai la bata, gumu kama chokaa ya ukutani.

"Haya maji ya wapi, Mama?"

Hija akatazama dirishani, akakiona kisima na pampu yake, akainamisha macho.

"Ya kisima," alijijibu mwenyewe. "Yana chokaa. Gamba limeizunguka, joto halipenyi. N'patieni siki na ndimu mbili."

Safari hii alizileta Bi Mwanamize. Alimkuta Hija ameinamia kopo, na ule mgongo aliokuwa akiuogesha, wenye alama ya kuzaliwa nayo chini ya shingo, umemwelekea. Akageuza uso upesi, na ndipo macho yake yalipoanguka kwenye kifuniko kilichoegemezwa ukutani. Upande wa ndani palikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino mzito. Hija alikuwa na tabia hiyo tangu alipoanza ufundi: kila anachokifunga hukiandikia tumboni, ili yeye au fundi mwingine ajue. Bi Mwanamize aliishia darasa la saba, lakini mwandiko huo ungesomwa hata na wa la pili.

*Imefungwa Ijumaa 25/3/2016. Nimeanza saa kumi alasiri, nimemaliza saa tatu usiku. Magharibi na isha nimesali hapa. Uji wa pilipili manga wa Mama. Hija.*

Alisoma mara moja. Akasoma tena kwa kidole, kama msomaji wa juzuu ya amma.

Katika kichwa chake hita ilifungwa siku za raha, kabla ya balaa. Aliitenga na balaa kama mtu anavyotenga sukari na chumvi, hakuwahi kuzitia kwenye siku moja. Lakini uji aliukumbuka. Aliukoroga yeye, akausahau kidogo ukashika chini, na Hija akasema, "Wenye kushika ndio mtamu, Mama." Walipokuja kumwambia kwamba Mmanga kachukuliwa, usiku ule, Hija alikuwa pale pale bafuni na bisibisi mkononi.

"Ijumaa ile," alisema. Akaweka kidole kwenye tarehe. "Ijumaa ile ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa."

"Kwa nini hukusema?"

Hija alikuwa anaikwangua ala kwa kijiti, gamba linaanguka vipande vipande kwenye kopo.

"Nilikuja mara tatu. Mara ya kwanza ulifunga mlango. Ya pili ulifunga dirisha. Ya tatu ulimwaga maji ya vyombo, yakanipata miguuni." Akaitazama ala kwenye mwanga. "Watu wakinambia, jitetee, nasema sina haja. Shahidi wangu yupo, kanipa uji kwa mkono wake. Nikangoja ukumbuke."

Laila alikuwa ameacha kumpembeza mtoto. Mwaka mzima Bi Mwanamize alijihesabu kuwa ndiye aliyechomwa kisu, kumbe kisu alikuwa nacho yeye, kile cha samaki.

Hija alirudisha kila kitu mahala pake. Chini ya maandishi ya zamani akaongeza mstari: *Ala imesafishwa. Chokaa.* Akafunga kifuniko, akajaza tangi, akangoja. Kidirisha kikafika sitini, hita ikajizima kistaarabu. Kipimajoto nacho kikasema sitini.

"Ukae unywe uji," alisema Bi Mwanamize.

"Nishakunywa, Mama."

"Hujanywa."

"Nilikunywa ule." Akafunga mkoba wake. "Maji ya kisima yataiziba tena, baada ya mwaka. Hili la leo nimefanya kwa ajili ya Laila." Akaelekea mlango wa nyuma.

"Hija! Pita mbele."

Aliposita, Bi Mwanamize akamshika mkono, akamvuta ukumbini mpaka barazani, adhuhuri ndiyo kwanza imekwisha, watu wanatoka msikitini. Thabit alikuwa anapanda ngazi na fundi wa Chake, waya umezungushwa begani.

"Da' Mize! Huyu kafuata nini humu?"

"Thabit, nambie. Ijumaa ile ulimwona Hija kituoni kwa macho yako?"

"Mambo ya kale hayo, dada…"

"Baada ya magharibi?"

"Baada ya magharibi, n'shasema. Mbele ya watu."

"Alikuwa kwangu. Anafunga hita. Uji nimempa mie." Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini waliokuwa wanapita wakapunguza hatua. "Sasa wewe, kituoni wakati ule, ulifuata nini?"

Thabit alimtazama fundi, akawatazama watu, akamtazama dada yake, na ule uso aliokuwa nao utotoni alipovunja birika ukarudi wote.

"Walikuwa na Anas," alinong'ona. "Mize, walikuwa na mwanangu."

"Na Mmanga wa nani?"

Fundi wa Chake akashusha waya, akaondoka zake bila ya kuaga. Hija alikuwa ameshachomoa mkono wake. Anakwenda katikati ya njia, haendi mbio, na wale waliotoka msikitini walimpisha. Mmoja akatoa salamu, kwa sauti ndogo. Hija hakugeuka.

Bi Mwanamize akaingia ndani, akatoka na kigoda, kisu kile kile, na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Akakiweka kigoda kichochoroni. Kipande cha mpira cha upande wa Hija kilikuwa bado kinaning'inia ukutani, hakikuondolewa, kimezibwa tu kwa kitambaa. Alikikata ncha iliyochakaa, akavichomeka vipande viwili, akavifunga kwa tyubu, mzunguko juu ya mzunguko, mbele ya kila mwenye macho.

"Dada, shuka, utaanguka," alisema Thabit chini yake. "Shuka n'kufungie mie."

"Usiuguse," alisema Bi Mwanamize.

Akaweka mkono juu ya mpira, akangoja. Ulikuwa mtupu na moto wa jua. Kule kwa Hija bomba lilikuwa limefungwa, na kulifungua ilikuwa hiari ya mwenyewe.