Pumzi za Kurasa Kumi na Moja

Waimbaji wana miiko yao, na mingi ni ya kuchekesha. Yuko asiyegusa maji baridi tangu ajitambue, na yuko anayefunga skafu shingoni jua likiwa la utosi. Lakini kuna mwiko mmoja ambao hakuna anayeucheka. Ukipewa nota, yaani karatasi za wimbo, zilizopitia kwa mwenzako, kabla hujafungua mdomo, shika raba ufute pumzi zake. Maana kila mwimbaji hutia alama ndogo ya penseli, mfano wa koma, juu ya kila mahali anapokusudia kuvuta pumzi. Vifua havifanani, kwa hiyo unafuta za mwenzako na kutia zako.

Bwana Karatasi alilijua hilo fika. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu miaka yote thelathini ya kazi yake hakuimba harusini wala kwenye dansi. Aliimba, karatasi mbele yake, mashairi yaliyotiwa muziki kwa sauti moja na piano, watu wakiwa wameketi kimya, na hasa yale mapya kabisa ambayo wino wake haujakauka na ambayo hakuna mtu angeyapigia mluzi bafuni. Watunzi walimpenda. Alikuwa teno, mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume, asiye na woga. Ukimwambia anong'one, aimbe vokali tupu, aruke juu ghafla bila kutayarishwa, yeye yumo. Ila sasa alikuwa na miaka hamsini na sita na kifua kilikuwa kimeanza kumtupa mkono. Mstari aliozoea kuumaliza kwa pumzi moja ulimtaka mbili, na ile ya pili ilisikika hadi viti vya nyuma. Mwaka ulikuwa umefika mwezi wa nane na hakuna aliyemwita kuimba isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mtunzi, mama wa miaka themanini na ushee, aliyekuja mwenyewe nyumbani na bahasha ya kahawia kwapani. Ndani mlikuwa na wimbo mmoja mrefu, kurasa kumi na tatu, ambao haujawahi kuimbwa mbele ya watu. Cha ajabu, ulikuwa na alama za pumzi tayari.

"Hizi ni za nani, Mama?" Bwana Karatasi aliuliza.

"Za mtu aliyeanza kujifunza, hakumaliza. Naomba usizifute, mwanangu. Sina ombi lingine."

Mkewe, ambaye ndiye mpiga piano wake tangu uchumba wao, alimkata jicho. Bwana Karatasi akajitia hamnazo. Tuseme ukweli, alikuwa ameshaona jinsi alama zile zilivyoachana mbali, na tamaa ilikuwa imemwingia. Mwenye kifua kile alikuwa mwimbaji hasa. Akasema sawa.

Yule bibi mtunzi alipoondoka tu walijaribu. Pale penye alama ya kwanza pumzi iliingia yenyewe, hakuivuta. Ilishuka mpaka chini ya mbavu, ikamchukua mistari miwili na nusu bila kutikisika, na sauti ikatoka changa na safi, sauti ambayo hata ujanani hakuwa nayo. Mkewe aliondoa mikono kwenye piano.

"Umefanyaje?"

"Nimefuata alama," alisema, akacheka kicheko cha mtu aliyeokota pochi barabarani na hataki kuuliza ni ya nani.

Wiki ya pili mambo yakaanza kwenda mrama. Akiwa mezani anazungumza, maneno yalimtoka mfululizo mpaka uso unaiva, kisha anakatiza katikati ya neno, anavuta pumzi ndefu, tulivu, na kuendelea kana kwamba si kitu. Mkewe alimwambia apumue kama watu, naye akajibu kwamba anapumua. Binti yao aliyeishi mbali alipiga simu, baba akapokea, wakaongea dakika mbili tatu. Baadaye binti alimpigia mama yake.

"Mama, yule kijana aliyepokea simu ya Baba ni nani?"

Jumapili mchana Bwana Karatasi alijilaza kwenye kochi, usingizi ukamchukua. Mkewe aliketi karibu na nota magotini, akazifuata kwa kidole huku akimtazama. Kifua kilipanda penye alama ya kwanza. Kikashuka polepole, kikapanda penye ya pili. Hakikukosea hata mara moja, ukurasa baada ya ukurasa, na mwili ukamsisimka mwanamke wa watu asijue amwamshe au akimbie. Chini ya ukurasa wa kumi na moja alama zikaisha. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa tupu, hazijaguswa na penseli. Kifua kilishuka na hakikupanda tena. Alingoja. Alihesabu hadi ishirini, midomo ya mumewe ikaanza kubadilika rangi, ndipo alipomkamata mabega akamtikisa kwa nguvu zote huku akilia.

Aliamka akikohoa. "Mbona unanitikisa? Nilikuwa nangoja tu."

"Unangoja nini?"

Aliinama akaokota nota zilizoanguka sakafuni.

Kesho yake mke alikwenda kwa mtunzi, hata salamu ilikuwa ya nusu. "Mama, hizi pumzi ni za nani?"

Bibi alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Za mwanangu. Alikuwa teno. Nilimtungia wimbo huu, akaugua kifua, akawa anatia alama zake pale pale kitandani, kidogo kidogo. Alifika ukurasa wa kumi na moja."

"Na mume wangu akifika hapo anaacha kupumua! Ulijua?"

"Sikujua. Nilitaka nimsikie akimaliza, basi. Mbele ya hapo sikufikiri." Akaanza kulia, na mke wa Bwana Karatasi, aliyekuja na maneno makali ya kutosha kumvua mtu nguo, akajikuta ameyameza yote.

Nyumbani aliweka raba juu ya piano. "Futa."

"Nikifuta nitaimba kama nani? Kama mimi?"

"Ndiyo, kama wewe! Niliolewa na wewe, sikuolewa na mapafu!"

"Umeisikia sauti hii. Niache niimbe nayo mara moja. Mara moja tu mbele ya watu, halafu nitafuta mwenyewe." Na machozi yakamlengalenga, mtu mzima yule, kwa aibu na kwa hamu vilevile.

Mkewe alimpenda, na hilo ndilo kosa lake. Wakakubaliana hivi: wakifika chini ya ukurasa wa kumi na moja, yeye pale kwenye piano atavuta pumzi kwa sauti, kama wapiga piano wafanyavyo kuwasaidia waimbaji, na mumewe aifuate. Mazoezini hawakuthubutu kupajaribu pale. Kila mara waliishia ukurasa wa kumi, wakafunga nota bila kutazamana.

Onyesho lilikuwa saa kumi alasiri, katika ukumbi wa viti mia mbili, jua likiingia kwa madirisha ya upande mmoja. Mtunzi aliketi mbele kabisa. Bwana Karatasi alisimama nyuma ya stendi ya nota, akaanza, na watu wakaacha kujipepea. Hata wale waliokuja kwa sababu ya kupewa tiketi ya bure walinyoosha shingo. Sauti ilikwenda bila mshono, kurasa zikageuka, na mkewe alipiga piano roho mkononi.

Ukafika ukurasa wa kumi na moja. Mstari wa mwisho ukaisha, na alama ya mwisho ilikuwa imeshapita. Mke alivuta pumzi kwa nguvu, ikasikika ukumbi mzima. Mumewe hakufuata. Akavuta tena. Bwana Karatasi alikuwa amesimama mdomo wazi, macho yamemtoka, mikono imeshika stendi. Kifua kilikuwa kimetulia tuli.

Mwanamke yule aliinua mikono yote miwili akaiangusha juu ya piano kwa viganja, kishindo kikapasua ukumbi. Mumewe akashtuka, na mtu akishtuka huvuta pumzi hata asipotaka. Iliingia kwa mlio, kavu, inakwaruza, pumzi ya mtu wa miaka hamsini na sita. Wasikilizaji, kwa kuwa walikuwa wazoefu wa muziki mpya, walidhani imeandikwa hivyo.

Akaendelea kwa sauti yake mwenyewe, ndogo na yenye kutu pembeni. Alipumua katikati ya sentensi, mara moja katikati ya neno, mahali ambapo mwanafunzi angegombezwa. Hakujali, alikuwa na furaha ya mtu aliyetolewa majini. Mkewe alimfuata polepole, machozi yakimdondokea mikononi. Ndipo wote wawili waliposikia. Kila Bwana Karatasi alipovuta pumzi, kushoto kwake, karibu sana na sikio, kulikuwa na mtu anayevuta pumzi pamoja naye. Mtu huyo hakuzijua kurasa zile, ikabidi afuate pumzi za mwenzake. Bwana Karatasi hakuacha kuimba. Ukurasa wa kumi na mbili wakaupita hivyo, wakaingia wa kumi na tatu, wenye sauti moja tu ya mwisho, ya juu, ndefu, isiyo na piano chini yake.

Aliifikia. Aliishikilia kadiri ya uwezo wake, sekunde nne, labda tano. Kisha pumzi ikamwishia, akafunga mdomo.

Sauti haikukoma.

Iliendelea pale pale ilipokuwa, safi na changa, ikajaa mpaka vioo vya madirisha vikaitika. Bwana Karatasi alikuwa amebana midomo, na kwa kuhakikisha akaweka kiganja juu yake. Mkewe aliona. Kwenye kiti cha mbele mtunzi alisimama taratibu, mikono imenyooka kama mtu anayempokea mtoto kutoka kwa mwingine. Sauti ilipungua kwa utaratibu wa mwimbaji anayejua kazi yake, ikawa nyembamba, ikaisha.

Bwana Karatasi alisubiri ile pumzi ya kushoto. Haikuja. Akavuta yake, fupi, yenye mluzi, na mkewe alipoisikia akafunika uso kwa mikono.

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama, wakapiga makofi mpaka viganja vikauma, wakisema hawajapata kusikia umalizio kama ule kwa mtu wa umri wake. Aligeuka kushoto, akatazama mahali patupu, hakuona kitu. Makofi yaliongezeka. Watu walikuwa wanasubiri mtu ainame, na mwimbaji waliyemwona pale jukwaani alikuwa yeye peke yake, basi akainama.