Chafya ya Cheche

Alhamisi saa nne asubuhi, Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, alipiga chafya wembe ukiwa kisogoni. Wembe ukamchana yeye kidogo, kisha ukamchana kinyozi kidole gumba. Kinyozi alibandika vipande viwili vya karatasi, kimoja shingoni, kimoja kidoleni, akapaka spiriti, akamalizia mstari wa nywele. Benchi lilikuwa limejaa, na mwanamke anayenyoa wanaume hapewi nafasi ya kulalamikia kidole.

Jioni, akifagia nywele, kumbukumbu ya Cheche ikamjia. Hilo halikumshtua. Kila mteja aliyechanganya naye damu alimwachia kitu. Mwalimu mmoja alimwachia hesabu za kuzidisha kwa kumi na tatu. Dereva wa lori alimwachia msiba wa dada ambaye kinyozi hakuwahi kumtia machoni, na bado alimlilia. Mumewe alishazoea; akitaka njia ya mkato, humuuliza mkewe, na mkewe humuuliza dereva aliyemo ndani yake.

Ya Cheche ilikuwa wodi ndefu, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, na daktari akisema taratibu kwamba ni homa ya ini, ile ya virusi vinavyokaa kwenye damu.

Kesho yake alimfuata karakanani. Cheche alizima mashine, akavua miwani. Hakukana.

"Dada, ningekwambia, ungeninyoa?"

Hofu ya Cheche sasa ilikuwa ya kinyozi pia.

Kwenye zahanati, muuguzi alimsikiliza, akauliza kumbukumbu ilianza saa ngapi, akaandika. Chanjo zilikuwepo, zilionekana ndani ya friji ya kioo. Zilikuwa za wafanyakazi wa afya, na orodha ilibandikwa ukutani: waganga, wauguzi, wafagiaji wa wodi.

"Na mimi nashika damu za watu kila siku," kinyozi alisema.

"Najua. Kaka yangu naye ni kinyozi. Hamumo."

Akampa tarehe ya kurudi kupima, akamwonya kuhusu mumewe: watumie kinga, wasichangie wembe.

Mumewe alisema hawezi kumwogopa mke wake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kinyozi alimbembeleza, akamlilia, akahamia kulala chini. Wiki ya tatu upweke ulimshinda, akarudi kitandani.

Kazini alivaa glavu. Wateja wakamuuliza kama anawaona wachafu, benchi likabaki na watu wawili, akazivua. Siku ya kupokea majibu, macho yake yalikuwa yameshakuwa ya manjano. Muuguzi aliandika. Orodha ilikuwa bado ukutani, na hakuna jina la kazi lililoongezwa.

Asubuhi moja alimkuta mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni. Mumewe alimwambia kwamba amekumbuka wodi ndefu, naye amelala kitanda cha pili.

"Cha tatu," kinyozi alimsahihisha. Akaketi karibu naye.

Mumewe akauliza daktari aliwapangia warudi lini, kwa kuwa yeye kumbukumbu yake ilikatikia hapo. "Mwezi uliofuata," kinyozi alimjibu.

"Tulirudi?"

"Hatukurudi. Foleni ilikuwa ndefu mno."