Ng'ombe wa Leseni

Ng'ombe mwenyewe hakuwa na neno. Alishuka kwenye pantoni kwa adabu kuliko abiria wengi, akajitikisa, akashika pembeni mwa barabara ya kwenda Ifakara mjini kama aliyetumwa. Aliyekuwa anatetemeka ni Ngusa, mshika kamba. Kijana huyu wa Kisukuma alikuwa anampeleka dume yule serikalini, mchana kweupe, ili apewe leseni ya bucha, na kila aliyepishana naye njiani, Ngusa alimwona kama anaijua siri yake.

Tuseme ukweli, Ngusa hakuzaliwa mhongaji. Alizaliwa mwoga, na hilo ni jambo jingine. Mwaka ule, mwaka uliofuata uchaguzi wa vyama vingi, alikuwa amechoka kuchunga. Ng'ombe wa baba yake wakiingia kwenye mpunga wa watu, watu wanakuja na mapanga, na yeye ndiye anayesimama katikati kuomba radhi. Tena alikuwa amemwoa Brigitha, binti wa Kipogoro wa Katindiuka, na wakwe walimwambia wazi kwamba hawakumtoa binti yao akalale zizini. Ngusa akaamua kufungua bucha mjini. Si kuuza nyama kwa kujificha huku macho yako barabarani, bali bucha ya halali, leseni imetundikwa ukutani, kila anayeingia aione.

Baba yake, Mzee Luhende, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya mto na mifugo yake, alikubali nusunusu. Alimpa muda mpaka mvua za masika.

"Hiyo karatasi yako ikikataa," alisema, "fimbo yako ya kuchungia naiegemeza hapa mlangoni. Utaikuta."

Ngusa aliiota ile fimbo. Alipangisha chumba karibu na soko, akakipiga chokaa, akaweka wavu wa kuzuia nzi, akatundika ndoano. Bwana afya akaja, akanusa huku na huku, akaridhika, akatia sahihi. Ada ya leseni ikalipwa. Kikabaki kitu kimoja tu, leseni yenyewe, nayo ilikuwa mikononi mwa Bwana Joshua.

Bwana Joshua alikuwa ofisa wa leseni, mgeni kidogo pale mjini, mtu mwembamba mwenye uso usiocheka hata ukimtekenya. Aliisoma fomu ya Ngusa, akainua macho.

"Ngusa? Msukuma?"

"Ndiyo, mzee."

"Msukuma wa kweli au wa kuokota?"

"Wa kweli, mzee. Shikamoo." Alikuwa ameshamwamkia mlangoni, lakini aliona haidhuru.

Bwana Joshua akaifunika ile fomu kwa kiganja. "Basi sikiliza. Babu zenu walipita kwetu na mizigo kichwani, wakang'oa mihogo yetu, wakala, wakaondoka bila hata kwaheri. Leo unakuja kwangu unapunga mikono unataka leseni? Bila ng'ombe dume hupati kitu hapa. Na awe mwekundu."

Karani aliyekaa meza ya pembeni alicheka mpaka akaangusha kalamu. Bwana Joshua hakucheka. Alimkazia macho Ngusa akangoja, kama mtu aliyerusha mpira na anasubiri urudishwe. Ngusa alisema, "Sawa, mzee," akatoka kinyumenyume, akajigonga mlangoni.

Nyumbani alimkuta Brigitha anapepeta mchele. Alimweleza yote, huku akiangalia nyuma asije akasikiwa na majirani.

"Labda alikuwa anatania, baba Viktor," Brigitha alisema.

"Hakucheka."

"Si unasema karani alicheka?"

"Karani alikuwa ananicheka mimi."

"Basi rudi ukamuulize vizuri."

"Nimuulize nini, mama Viktor? Kwamba mzee, ile rushwa uliyoitaja, ni ya kweli au vipi?"

Brigitha akaendelea kupepeta, maana hilo nalo lilikuwa gumu. Wali wa jioni ulimshinda Ngusa. Aliliwaza jambo lile kwa kila upande, na kila upande ulimrudisha palepale. Watu wengine huombwa chai. Yeye ni Msukuma, kaombwa ng'ombe. Habari ya babu na mihogo hakuishughulikia kabisa, kwa sababu babu yake mwenyewe hakuwahi kutoka Maswa, huko Usukumani. Hofu ina ubaya huo, inajua sana kupanga mambo yakakaa sawa.

Mwisho akavuka mto kwenda kwa baba yake. Zizini kulikuwa na dume mmoja tu mwekundu, naye alikuwa amewekwa kwa ajili ya mahari ya mdogo wake Ngusa. Mzee Luhende alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumfungua mwenyewe.

"Serikali inajua kuchagua," alisema. "Mchukue. Lakini huyu akienda na karatasi isije, usirudi hapa na maneno. Rudi uchukue fimbo."

Ndivyo ilivyokuwa mpaka Ngusa akaingia kwenye uwanja wa ofisi na kamba mkononi na jasho mgongoni. Mwaka ule habari za rushwa zilikuwa redioni asubuhi na jioni, na kwa bahati yake ilivyo mbaya, mkuu wa ofisi, Bi. Febronia, alikuwa amesimama barazani na wageni kutoka mkoani, wote wamevaa viatu vya kung'aa. Ngusa alitamani kugeuza. Dume hakutamani. Aliona maua ya ofisi, akavuta kwenda mbele.

"Kijana," aliita Bi. Febronia, "huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Shikamoo, mama. Ni wa Bwana Joshua."

"Marahaba. Amemnunua kwako?"

"Hapana, mama. Ni wa leseni."

Mgeni mmoja akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena ili aone vizuri. Watu waliokuwa kwenye foleni ya dirishani walisahau foleni yao. Ngusa naye ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

Bwana Joshua aliitwa nje. Alimwona Ngusa, akamwona ng'ombe, akaiona rangi ya ng'ombe. Uso wake ambao haukujua kucheka sasa ulitaka kulia.

"Mama, nilikuwa namtania," alisema. "Huyu ni Msukuma. Mimi ni Mzaramo."

"Mzaramo Joshua?"

"Wa Maneromango, mama. Kwetu tuko Walutheri wengi, lakini ni Wazaramo. Huyu ni mtani wangu. Haki ya Mungu ule ulikuwa utani."

Mzaramo! Ngusa alihisi ardhi inasogea. Tangu utotoni alikuwa akisikia kwamba Msukuma na Mzaramo ni watani, wanatukanana hata msibani, wananyang'anyana vitu mchana, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Lakini Mzaramo wa kichwani mwake alivaa kanzu na kofia. Aliposikia jina Joshua alijua ni Mpogoro wa huko Mahenge, basi. Mizigo, mihogo, babu waliopita Uzaramo kwenda pwani, yote aliambiwa waziwazi siku ile, na masikio yake yakachukua ng'ombe peke yake. Aliona aibu mpaka akahisi joto masikioni.

Bi. Febronia hakuwa mtu wa kumalizwa na neno utani. "Siku hizi kila mla rushwa akikamatwa alikuwa anatania," alisema. Akamgeukia Ngusa. "Nijibu wewe. Siku ile ulijua kwamba anakutania?"

Ngusa akapiga hesabu. Akisema hakujua, Bwana Joshua amekwisha, na leseni ya bucha itakwenda naye hukohuko. Akisema alijua, ataulizwa, basi ng'ombe wa nini? Aliiona ile fimbo imeegemea mlangoni kwa baba yake. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, isipokuwa dume, ambaye alikuwa ameshaanza kula maua. Bwana Joshua alimkazia macho vilevile kama siku ile, akingoja mpira.

Ngusa hakuwahi kumtania mtu aliyemzidi umri. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Nilijua, mama. Nimemleta amwone tu. Wazaramo hawajui ng'ombe, wao wanajua ngoma na mihogo. Nikasema mzee huyu asije akafa anadhani nyama inachimbwa."

Karani ndiye aliyeanza, ndani, nyuma ya dirisha. Kisha foleni nzima, kisha yule mgeni wa miwani, ambaye alicheka mpaka akashika nguzo. Bi. Febronia aliuma mdomo wake kwa muda, akajikaza.

"Mrudishe ng'ombe wako alikotoka kabla hajamaliza maua yangu," alisema. "Na wewe Joshua, kijana akishamfunga huyo mnyama pale kwenye mti, umpe jibu lake leo hii. Na mlango uwe wazi."

Ofisini, mlango ukiwa wazi, Bwana Joshua alivuta droo. Leseni ilikuwa mle ndani, imeandikwa, imetiwa sahihi, imegongwa muhuri. Ngusa akatazama tarehe. Ilikuwa ya siku ileile ya mihogo.

"Ulitakiwa unitukane kidogo tu," alisema Bwana Joshua kwa sauti ya chini. "Tusi moja, nikupe karatasi yako, tucheke, uende zako." Akamsukumia leseni juu ya meza. "Samahani sana, ndugu yangu. Nina watoto mimi."

Ngusa alirudi ng'ambo na dume wake. Mzee Luhende aliigeuzageuza ile karatasi, ingawa hakujua kusoma, kisha akaenda mlangoni akaiondoa fimbo.

Bucha ikafunguliwa, leseni ikatundikwa juu ya mizani, na wakwe wa Katindiuka wakaja kuitazama. Haikupita wiki, Bwana Joshua akaingia. Alisimama kwenye foleni kama watu wengine, kichwa chini.

"Naomba nusu kilo, tafadhali," alisema.

Ile tafadhali ilimchoma Ngusa moyoni. Alimpenda mtu yule, na alitaka ajue kwamba yamekwisha. Akaegemea meza.

"Mzaramo! Hapa bila kuku hupati nyama. Na awe mwekundu."

Alikusudia kutabasamu. Uso ukagoma, kwa wasiwasi, ukabaki mkavu kama wa hakimu. Bwana Joshua akaitazama leseni ukutani, akawatazama watu, akamtazama Ngusa.

"Sawa, mzee," alisema, akatoka bila nyama.

Kazi ya siku ile ilimharibikia Ngusa. Alikata mfupa mahali pa mnofu, akamrudishia mtu chenji ya mwenzake. Leseni ile ilikuwa ya mwaka mmoja, na mwakani ingerudi mezani kwa mtu yuleyule. Je, amekasirika? Ameogopa? Alipofika nyumbani alimweleza Brigitha kabla hajaketi.

"Labda naye alikuwa anatania, baba Viktor."

"Hakucheka!"

Asubuhi alikwenda mapema na ufunguo mkononi. Mbele ya mlango wa bucha, juu ya jani la mgomba, kulikuwa na jogoo amefungwa miguu, mwekundu kuanzia shingoni hadi mkiani, amekasirika kweli. Kando yake palikuwa na muhogo mmoja mbichi wenye udongo, umetoka kung'olewa. Ngusa alikaa chini kizingitini, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na mteja wa kwanza alipofika alisimama mbali kidogo, akamuuliza kwa upole kama amepata msiba.