Hodi Mlangoni kwa Mama

Jumapili mchana theluji inaanguka bila haraka, na Mwanakombo Haji, mtu wa Wete, Pemba, mwalimu wa Kiingereza katika mji mdogo wa kaskazini mwa Japani, ameingiza miguu chini ya meza fupi yenye hita na blanketi, anajiambia atafumba macho kidogo tu. Kidogo wapi! Usingizi unamnyemelea kwa sababu kichwa kimechoka. Kesho mkuu wa shule anataka jibu: mwalimu, unabaki mwaka wa tano au unarudi kwenu? Kazi anaipenda, hilo asidanganye mtu, watoto wanamkimbilia getini kila asubuhi. Lakini juzi amempigia simu mama yake, Bi Mize, na mama akaitikia, nani mwenzangu? Mimi Mwanakombo. Mama akasema, ah, hujambo mwanangu, kwa sauti ya kumridhisha mtu. Ndugu zake wanasema Bi Mize siku hizi anasahau sahau. Hilo ndilo linalomla: akibaki, atarudi kwa mama asiyemjua, akirudi sasa, pengine ameshachelewa. Na hapa alipo hana wa kumwambia. Kila akitoka kazini hufungua chumba chake akapiga hodi, ndani hamna mtu, akajijibu mwenyewe, karibu. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzaha. Sasa ni upweke mtupu, na anaujua.

Anafumba macho, na miguu iliyo chini ya meza haikuti sakafu, inakuta ngazi. Anashuka. Chini ni barabara ile ile anayopita kila siku kwenda shule, ila haina mwisho, na kila kona ina majira yake. Kona ya kwanza miti imejaa maua ya rangi ya waridi na watu wametandika mikeka chini yake, wanakula, wanamwinamia kwa adabu, hakuna anayesogea kumpa nafasi. Kona ya pili ni joto na wadudu wanaolia mitini mpaka masikio yanaziba. Ya tatu majani mekundu, ya nne theluji, halafu maua tena, mikeka tena, wanamwinamia tena, na yeye anapita tena, na kila akipita koti limezidi kuwa zito. Watoto wenye kofia za manjano wanampita mbio wakimwamkia kwa Kiingereza, naye anawaitikia kwa sauti yake ya darasani, polepole, mara mbili mbili, na wanapogeuka hawana nyuso. Anaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo, na ndani ya kila kioo mna Mwanakombo anayekwenda upande wa pili, amebeba mkoba wake, wala hageuki kumtazama. Anataka kulia. Halii, maana nani atamwona?

Kwenye kivuko cha barabara amesimama mvushaji wa watoto na kibendera chake. Uso wake ni laini kama sahani. Mwanakombo anamuuliza njia ya kwao, na mvushaji anasema, kwa Kiswahili safi, kitendawili! Tega, anasema Mwanakombo, ulimi umetangulia akili. Mgeni hukiona, mwenyewe hakioni. Mwanakombo anafikiri, majira yanabadilika mara mbili juu ya kichwa chake, hapati. Basi nipe mji, anasema mvushaji. Anampa huu mji wa vioo. Mvushaji anatikisa kichwa: huu si wako, huwezi kuutoa. Hapo Mwanakombo anaogopa, kwa sababu mji wake ni mmoja tu duniani. Anampa Wete. Mvushaji anaupokea kwa mikono miwili, anasema, nimekwenda Wete, nimekaa, nimekula, nimekuta mama anafagia uani, anauliza kila apitaye habari za mwanawe. Jibu la kitendawili ni mlango wa kwenu. Anainua kibendera, magari yasiyo na madereva yanasimama, na ng'ambo ya kivuko, katikati ya theluji, pana mlango wa mbao wa nyumba ya Bi Mize.

Mwanakombo anakimbia. Anapofika anasimama, anapangusa koti, anapiga hodi. Ndani vitu vinasogezwa haraka haraka, kama watu wanavyofanya wakijiwa. Hodi tena. Karibu, nani? Mimi. Mimi nani? Mwanakombo. Na Bi Mize anafungua, uso anao, uso wake kamili, anacheka kwa upole. Unanitania weye. Mwanakombo wangu hapigi hodi, huyo huingia tu. Lakini karibu, mgeni, kaa kitini. Anamkalisha kiti cha wageni, anamletea chai katika kikombe cha wageni, kile cha kabatini ambacho watoto wa nyumba hawaruhusiwi kukigusa. Mwanakombo anasema, mama, ni mimi, na sauti inatoka polepole, mara mbili, mama, ni mimi. Bi Mize anaguna. Nawe ni mwalimu nini? Mwanangu naye mwalimu, yuko mbali huko. Akinipigia simu ananisemeza hivyo hivyo, kama mie mtoto wa chekechea. Naona haya kumwambia. Chai inapoa mkononi mwa Mwanakombo. Mimi nasahau mengi siku hizi, anasema mama, yeye sijamsahau. Huyo anayepiga simu ndiye nisiyemjua. Ukimwona mwambie mlango naurudishia tu, siufungi.

Theluji inaanza kuanguka chumbani, juu ya kabati, juu ya kanga ya mama, na Mwanakombo anajikuta nje tena, mlango umerudishiwa. Mdomo unafunguka kwa mazoea kusema hodi, anaubana. Anaweka kiganja kwenye mbao, anasukuma.

Meza. Hita. Saa kumi tu na nje kumeshaingia giza. Simu iko sikioni, inaita, hakumbuki kuipiga. Nani mwenzangu? anauliza Bi Mize. Mwanakombo hataji jina wala haamkii. Anasema upesi, mara moja, kwa sauti aliyokuwa nayo kabla hajamfundisha mtu yeyote kitu chochote: Mama, leo umepika nini? Mama anafoka: Vua viatu hivyo, weye, nimepiga deki sasa hivi! Mwanakombo analia kwa furaha, anainama, na kweli viatu viko miguuni, vimelowa theluji, katika nchi ambayo hakuna mtu anayeingia ndani na viatu. Anavivua haraka, kabla mama hajatoka jikoni.